Historia ya Dada Yetu Hatulii, Aliyeitafutia Nyutrino Uzito Wake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu ili mtusindikize leo, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu mimi ni fundi bomba, si msomaji, na maisha yenyewe hayakuwa ya kukaa mahali pamoja.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali ya mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mkuu wa chumba cha kufulia mashuka ya wagonjwa, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji hapo hapo hospitalini, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakulala mchana hata siku moja, akilazwa anainuka, akibebwa anataka kushuka, mpaka shangazi akasema huyu hatulii, na jina likamganda, likamfuata shuleni, chuoni na kazini, hata baadhi yenu mliokuja leo hamkuwahi kulijua jina lake jingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1963, na huko ndiko mambo yote yalikoanzia, kwani siku moja mwalimu wa fizikia alitaja, kwa kupita tu, chembe iitwayo nyutrino, akasema haina chaji ya umeme, haina uzito, na inaweza kuipenya dunia nzima, ikaingilia upande huu na kutokea upande ule, bila kugusa kitu, dada akanyoosha mkono akauliza, kama haina hiki wala kile na haigusi kitu, tunajuaje kwamba ipo, mwalimu akamwambia akae, naye akakaa, lakini swali halikukaa.

Kwa faida yetu sisi tusiosoma mambo hayo, naeleza kama alivyonieleza yeye jikoni kwangu, huku akifungua na kufunga kabati bila sababu, kwamba nyutrino hutoka kwenye jua kwa wingi usio na hesabu, zikapita kwenye mabati, kwenye kuta na kwenye miili yetu, na kwamba hata sasa ninaposoma zinapita katikati yetu, na zinapita ndani ya jeneza hili, bila kumsalimu mtu. Mimi nilimwambia kwamba katika kazi yangu kitu kinachopita ukutani kinaitwa kuvuja, na anaitwa mtu akizibe, akacheka, akasema ndiyo maana hawakumwita fundi bomba. Wataalamu walikwisha kubali kwamba zipo, walichobishania ni kama zina uzito au hazina, na hapa yeye angenikatiza, angesema si uzito, ni tungamo, nami ningemjibu kama siku zote kwamba watu wameshaelewa, na leo natamani sana kukatizwa.

Alijiunga na chuo kikuu mwaka 1969, akahitimu mwaka 1973, akapelekwa nje kwa masomo ya juu zaidi, na mwaka 1978 akarudi na shahada ya uzamivu, akaajiriwa katika taasisi ya utafiti, kwenye maabara iliyo chini ya ardhi, katika jengo la matofali nyuma ya kiwanda cha chupa, ambako walimpa meza na kiti, meza akaitumia, kiti akakiwekea makaratasi.

Mwaka uliofuata alikwenda kupima macho, na fundi miwani akamwomba atulize kichwa, akamwomba tena, mwishowe akaomba ruhusa, akamshika kidevu, na dada alisema hakuwahi kuona mtu mwenye mkono uliotulia namna ile, wakafunga ndoa tarehe 5 Julai 1980, na mnamo tarehe 22 Mei 1982 Mungu akawajalia binti yao wa pekee. Shemeji yetu alikuwa mtu wa kukaa, anaweza kuketi dukani kutwa nzima akingoja mteja mmoja na jioni akarudi nyumbani akisema siku ilikuwa nzuri, na watu walijiuliza wawili wale wanaishije, lakini waliishi vizuri, yeye akizunguka na mumewe akiwa kitovu cha mzunguko.

Kule maabara walikuwa na gesi ambayo atomu zake huvunjika zenyewe, na kila inayovunjika hutupa elektroni, ambayo inapimika, pamoja na nyutrino, ambayo haikamatiki, basi walipima nguvu ya elektroni zile zenye mbio kuliko zote, wakatazama kama kuna kidogo kilichopungua, kwa sababu nyutrino ikiwa na uzito lazima ichukue fungu lake kwanza, ni sawa na kujua mgeni amekula kiasi gani kwa kuchungulia kilichobaki kwenye sufuria. Oktoba 1986 wakaona kimepungua. Mkuu wa maabara akatangaza kwamba nyutrino ina uzito na kwamba wao wameupima, redio ikasema, na baba yetu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, alikwenda hospitali kila siku kwa wiki nzima bila kuumwa popote, ili tu awasimulie wauguzi.

Tulifanya karamu uani, watu wakala na kucheka, na mwenye sherehe alikuwa akizunguka na sahani iliyojaa bila kutia kitu mdomoni, shemeji akamwuliza ana nini, akajibu kwamba jibu limekuja kwa urahisi mno. Jumatatu alirudi chini ya ardhi. Gesi ile waliigandisha juu ya bamba la chuma kama utando mwembamba, na elektroni zikitoka ndani ya utando hupoteza nguvu kidogo njiani, nao walikuwa wameuondoa upotevu huo katika hesabu kwa kuamini kwamba utando ni sawasawa kila mahali, yeye peke yake hakuamini, akakaa na shaka hiyo zaidi ya mwaka, akigandisha na kuyeyusha, usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu, mpaka akaona kwamba utando ulijikusanya mafungumafungu, hapa mnene, pale bamba li wazi, na alipoirudia hesabu kwa namna hiyo, uzito wote waliokuwa wameutangaza ukatoweka.

Mkuu wa maabara alimwita, akafunga mlango, akamweleza kwa upole kwamba taasisi nzima inaishi kwa jibu lile, kwamba wengine kokote waliko watakuja kuligundua kosa hilo kwa wakati wao na halitakuwa aibu ya mtu, na alipoona dada anatembea tu kutoka dirishani hadi mlangoni, akamwuliza, "Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka kujua kama zina uzito," dada akamjibu. "Sasa hivi sijui, na wewe hujui, na tumewaambia watu kwamba tunajua."

Tarehe 19 Aprili 1988, katika mkutano wa wanasayansi, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akalifuta jibu lake mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha alihamishiwa chuo cha ualimu, nyumba ya taasisi ikarudishwa kwa wenyewe, familia ikahama, ikahama tena, na binti akabadilishwa shule mara kwa mara, akawa hafungui tena masanduku yake yote. Majirani walimwuliza baba kwa kumchokonoa ile habari ya redio imeishia wapi, baba akanyamaza majuma kadhaa, tukadhani amevunjika moyo, kumbe alikuwa akijipanga, kwani siku moja alianza kuwaambia kwamba maprofesa wote wale walikodoa macho wasilione kosa, aliyeliona ni mwanawe, na tangu hapo akajisifu kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, hadi alipofariki mwaka 1991.

Juni 1998 nilikuwa nimelala chali chini ya sinki la mteja, redio ya mwenye nyumba ikatangaza kwamba katika tangi kubwa la maji lililozikwa chini ya mlima, wanasayansi wamethibitisha kwamba nyutrino hubadilika njiani kutoka aina moja kuwa nyingine, na kwamba kitu kisicho na uzito hakiwezi kubadilika hivyo, basi uzito zinao. Niliacha spana pale pale, nikapanda baiskeli hadi kwa dada, nikamwambia nikiwa bado natweta, "Dada, ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

Alikuwa akiosha kikombe, akaendelea kukiosha ingawa kilikuwa kimetakata, akasema, "Sikuwa sahihi. Mimi nilitaja kiasi, na kiasi kile hakikuwepo. Usimwambie mtu yeyote kwamba nilikuwa sahihi."

Sikumwambia mtu mpaka leo, na hata leo nimesema tu kwamba hakukubali. Lakini habari ile haikumpoza, ilimchoma, kwa sababu sasa ilijulikana kwamba uzito upo na hakuna aliyejua ni kiasi gani, na Septemba 2001, akiwa na umri ambao wenzake wanahesabu siku za kustaafu, alikwenda nje ya nchi kujiunga na kundi lililokuwa likijenga chombo kikubwa kama nyumba, chombo cha kuzipima elektroni zile zile kwa usahihi ambao zamani haukuwezekana. Shemeji alisema nenda, nitangoja, makubaliano yalikuwa miaka miwili, miwili ikazaa mingine, akawa anakuja mwisho wa mwaka na sanduku dogo, analiacha mlangoni kana kwamba teksi bado inamngoja nje, na binti akawa anamwona mama yake kwa vipande.

Tarehe 3 Novemba 2009 shemeji yetu alifariki ghafla, akiwa ameketi dukani, na dada alifika tukiwa tumeshazika. Binti alimfungulia geti, akamkabidhi ufunguo wa duka la baba yake, akaondoka bila salamu, na kwa miaka mingi baada ya hapo walizungumza kupitia kwangu, huyu akiniambia mjomba, mwambie dada yako, na yule akiniambia mwambie mwanangu, nami nikawa bomba la kupitishia maneno baridi.

Dada alirudi moja kwa moja mwaka 2014, akiwa mstaafu, na kila aliyemwuliza kama wameupata uzito alimjibu kwamba wanachoweza kusema ni mpaka tu, yaani wanajua hauzidi hapa, mwaka mwingine hauzidi hapa chini zaidi, lakini ni kiasi gani hasa hawajui, na watu wakaondoka wakisikitika kwa niaba yake, jambo ambalo lilimuudhi.

Mwaka 2017 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kisha mwili ukaanza kukakamaa, hatua zikawa zinamkwama, na ninyi mliomjua mnaweza kufikiri ilikuwaje kwake kuamrisha mguu na mguu ukakataa. Madaktari walisema lazima atembezwe kila siku, na binti yake, ambaye ni fundi wa lifti na hana desturi ya kukaa nyumbani, alihamia kwake mwaka 2019, akasema amekuja kwa sababu hakuna mwingine, akawa anamzungusha nyumba kila jioni akitoka kazini, wameshikana mikono bila kuzungumza.

Jioni moja nilikuwa nje nabadilisha koki ya tangi lao, nikamsikia binti akisema, bila ukali, kama mtu aliyechoka kulibeba neno, "Mama, ulituacha kwa kitu ambacho hata hukukipata."

Dada alisimama, mimi nikadhani ni miguu imekwama tena, kisha akasema, "Nilidhani baba yako atangoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Hapo nilikosea, na hakuna mahali pa kusimama nikalifuta."

Binti aliusukuma mguu wa mama yake taratibu kwa mguu wake mwenyewe, kama alivyofundishwa hospitalini, ukang'oka, wakaendelea kuzunguka, na kuanzia siku ile wakawa wanasemezana wenyewe, wakigombana juu ya dawa, juu ya chumvi, juu ya redio, mimi nikapoteza kazi ya utarishi na sikuidai.

Januari 2023 homa ya mapafu ilimlaza katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi baba, na vijana aliowafundisha wakaja kumwambia kwamba mpaka umeshuka tena, wakitarajia atafurahi, yeye akawauliza kwa sauti iliyosikika kwa shida wamehakikishaje, wakavuta viti kumweleza, akauliza tena, wakaeleza tena, mpaka muuguzi akawatoa, na wakiwa mlangoni walisema swali lake la mwisho hawakuwa na jibu lake. Alifariki mchana wa tarehe 11 Februari, binti yake akiwa ameushika mkono wake wa kulia, naye dada akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha binti mmoja, wadogo zake, na jambo alilolitafuta likiwa bado halijulikani na mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimhudumia mgonjwa aliyehoji kila kipimo, inawashukuru majirani, hasa wale walioondoa magari yao kwenye njia ili apate pa kuzungukia, inawashukuru wenzake wa maabara, waliosafiri kutoka mbali kuja kusimama nasi, na inawashukuru wanafunzi wake wa chuo cha ualimu, ambao nasikia wanaendelea kuwasumbua watoto wa watu kwa maswali.

Binti yake hakuweza kusoma leo, ameniomba niseme neno lake moja, nami nalisema kama alivyonipa, "Mama, siku watakapojua ni kiasi gani, nitakuja hapa kukuambia mimi mwenyewe, na nitakuja nimeshahakikisha."

Dada yetu, tunakuacha sasa kwa amani. Pumzika.