Visahani Vinavyoua Kinachotafutwa

Mgeni rasmi, shikamoo, wewe na wote ulioongozana nao.

Utatusamehe tusipoanza na vigelegele. Tunaanza na uvumi, kwa kuwa ndio uliotufikisha hapa. Ilisemwa kwamba visahani vya kioo ambavyo kituo hiki hutilia damu ya watoto wetu vilishatumiwa na waliokufa, na kwamba mauti hung'ang'ania chombo. Wengi wetu tuliusikia tukaupuuza. Mwenzetu Nyirabageni, mama wa Adelard na Nikuze, hakuweza. Alilala nao, akaamka nao.

KARIBU

Karibu katika kituo chetu cha malale. Sisi ni akina mama tunaouguza watoto hapa. Wengine tumetoka Kanoni na Rugera, wengine Songambele kule Kyerwa. Tunapika, tunafua, tunabeba maji. Ngoma hujaiona kwa sababu tuko msibani.

TULIKOTOKA

Zamani mtoto wa malale aliitwa mvivu. Anasinzia mchana chini ya migomba, anachapwa. Akianza kuweweseka, anaambiwa amerogwa. Kumbe ni mbung'o wa kule porini, amemuuma akichunga. Kilipokuja kituo hiki na hadubini yake ya kutazama kisahani kutoka chini, ndipo tulipomjua adui: vimelea ambavyo mbung'o huviacha kwenye damu.

MAFANIKIO

Bwana maabara, Gideon, alituita siku moja tujionee. Damu ya mtoto huchanganywa na maji ya kuvilisha vimelea visife, ikawekwa kwenye kisahani chenye kitako chembamba kama ganda la kitunguu, kikafunikwa, kikatunzwa kwenye joto kama la mwili. Nyirabageni alichungulia, akaruka nyuma.

"Yesu wangu! Vinaogelea!"

"Ulitaka vikusalimie?" mwenzetu Kokubanza akamtania, nasi tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Watoto walioonekana mapema wametibiwa, wamerudi shule. Hilo tunalishukuru na hatutalisahau.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, visahani vile ni vya kutumia mara moja na kutupa. Maboksi yakaacha kuja. Vikanunuliwa vya plastiki, vinene. Gideon akitazama anaona ukungu tu, kama mtu anayechungulia kwenye kitako cha chupa. Basi vikarudishwa vile vya kioo vilivyokwisha kutumika, nasi tukaombwa tuvioshe.

"Osheni vitakate kabisa, mama zangu," alituambia. Zaidi ya hapo hatukuelezwa kitu.

Kwa hiyo ule uvumi ulikuwa na nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomnyima Nyirabageni raha. Akaenda kwa Shufaa mwenye duka kununua sabuni.

"Mama Adelard, sabuni zote hizi za nini? Mauti hayatoki kwa sabuni."

"Yanatoka kwa nini basi?"

"Mie nauza sabuni tu, dada. Ningekuwa nauza dawa ya mauti, ungenikuta hapa?"

Shufaa alikuwa akitania. Lakini Nyirabageni aliondoka ameshapata jibu. Kwao, kibuyu cha maziwa hakiaminiwi kwa maji peke yake. Hufukizwa kwa moshi wa nyasi mpaka kinukie, ndipo maziwa hayachachi na watoto hawaharishi. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Zamu yake ya kuosha ilipofika, akawasha nyasi kwenye chungu kilichopasuka nyuma ya jiko, akavifudikiza visahani juu ya moshi kimoja kimoja, kisha akavifuta kwa kanga mpya.

"Unafukiza vyombo vya serikali?" Kokubanza akamuuliza.

"Nafukiza cha mwanangu. Na vya wenzangu sikuviacha."

Adelard alikuwa na homa na tezi za shingo zimemvimba; damu yake ikawekwa humo. Gideon akatazama, akarudia kutazama. Akatoka anatabasamu.

"Hongera, Mama Adelard. Hakuna kinachotembea. Hii homa ni ya malaria tu."

Nyirabageni alipiga magoti palepale. Wakarudi Songambele na vidonge vya malaria, akamchinjia mwanawe kuku. Adelard alisinzia tonge likiwa mkononi. Mama akamwacha alale, akijua mgonjwa anayelala anapata nguvu. Mtoto alipoanza kuongea na watu wasiokuwepo, na kuyumba kama aliyekunywa pombe ya rubisi, akambeba kumrudisha kwetu. Alifia njiani, mgongoni kwa mama yake.

Baada ya maziko Gideon alikiinua kile kisahani juani. Kitako kilikuwa na utando wa rangi ya chai. Alituita wote, akatuonyesha.

"Moshi uliviua vimelea humu ndani. Mwilini mwa mtoto havikuguswa. Na mimi sikukikagua chombo kwanza."

Wapo waliosema Nyirabageni ashtakiwe. Sisi tunakataa. Kwetu mdudu akifa ni heri. Nani alituambia kwamba mdudu huyu hupaswa kubaki hai ili aonekane? Mama alifanya kwa upendo kile ambacho kingefaa kwa maziwa.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, tazama kulia kwako. Yule aliyelala mapajani mwa Nyirabageni ni Nikuze. Hakulala kwa sababu risala imekuwa ndefu. Tezi za shingo zimemvimba kama zilivyomvimba kaka yake.

Mama yake amekataa asitolewe damu. "Haiingii kwenye kisahani kilichooshwa na mtu," anasema, "hata nikikiosha mimi." Gideon naye hathubutu kutoa dawa ya malale bila kukiona kimelea, maana dawa yenyewe ni kali. Basi wote wawili wamesimama, na mtoto analala.

Tunaomba visahani vipya vya kioo, vyenye kitako chembamba na mfuniko, vifunguliwe mbele ya mzazi. Na atakayetufundisha afundishe kwa lugha tunayoielewa, ikibidi Kinyambo.

Mungu aliyekupa kalamu ya kusaini akupe na haraka ya kuitumia, akulinde njiani na akufikishe kwa wanao ukawakute macho.

Ni sisi, Umoja wa Akina Mama Wauguzaji Tusichoke. Imesomwa na Kantengwa kwa niaba ya wenzake.

TUNAOMBA YAEPUKWE

Msitumie kisahani cha kutupwa mara ya pili.

Msinunue chenye kitako kinene kwa kuwa ni rahisi.

Msiweke damu kwenye chombo chenye moshi, sabuni, mafuta, dawa ya madoa wala gundi.

Msikiache wazi kikakauka, wala kwenye baridi.

Msiguse kitako kwa vidole wala kukifuta kwa kitambaa.

Msitupe kazi bila kutuambia ni ya nini.

Msimwambie mzazi mtoto ni mzima kwa sababu tu hakuna kilichotembea.

Msisubiri Nikuze akose kuamka ndipo boksi lifunguliwe.