Mzee Mviringo, Mchagua Risasi za Magobore

Ndugu, jamaa, majirani, na wateja wa baba mliotoka mbali na karibu, naomba mnivumilie, sauti yangu ni ndogo, na mtoto wangu yuko kwa dada pale mbele, akilia nitanyamaza kidogo halafu nitaendelea. Mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimepewa kazi hii ya kusoma kwa kuwa ndiye niliyekaa naye nyumba moja hadi mwisho, na kwa kuwa sote tumechoka nitasema yaliyo ya lazima, pamoja na jambo moja ambalo wateja mmekuwa mkiniuliza tangu jana pale mlangoni.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu hamumjui kwa jina jingine zaidi ya Mzee Mviringo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala na mkewe mshona magunia. Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965, hesabu akizipenda, kuimba kukimshinda kabisa, hata mwalimu wake akamwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, na hakuendelea na masomo kwa kuwa mwaka huohuo babu alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala akavunjika nyonga, ikabidi watoto wakubwa watafute kazi.

Mwaka 1967 alipokelewa katika karakana ya fundi wa bunduki, ambako kwa muda mrefu hakugusa kitu kingine zaidi ya kuosha mitutu kwa maji ya moto na sabuni, na baadaye ndipo akafundishwa kuyeyusha madini ya risasi chunguni na kuyamimina kwenye kalibu, chombo kinachoipa risasi umbo lake. Kwa wale msiojua kazi yake, gobore ni bunduki inayoshindiliwa mdomoni, baruti hutangulia, kisha risasi iliyofungwa kitambaa chenye mafuta husukumwa hadi chini kwa fimbo iitwayo mdeki, na risasi yenyewe hainunuliwi hivihivi kama unavyonunua misumari, kwa sababu kila mtutu una tabia yake, kama watu. Upo mtutu ambao mifereji yake ya ndani inajisokota polepole, huo hutaka risasi ya mviringo, na upo ambao mifereji yake inajisokota kwa haraka, huo hutaka risasi ndefu nzito, na ukivichanganya risasi itatoka, lakini haitakwenda ulikoituma.

Baba alifungua kazi yake mwenyewe mwaka 1978, jikoni, nyumba hiihii mliyoketi mbele yake, na kila aliyekuja alimpa kiti kwanza, kisha akamuuliza anakwenda kuwinda mnyama gani, na atasimama umbali gani, kisha akanyoosha mkono aone mtutu. Asiyekuja na bunduki hakupata risasi, hata awe shemeji, na yupo shemeji hapa aliyerudishwa kwake kwenye mvua akachukue bunduki. Jina la Mviringo alilipata kwa muuza nyama, ambaye namwona pale nyuma amevaa kofia, alipokuja na risasi ndefu alizonunua mjini, akasema hizi za mviringo za kwako, mzee, ni za kuchezea watoto. Baba hakubishana naye, alimpeleka uwanjani akamsimamishia ubao apige, na walipoukagua ubao tundu halikuwa la duara, lilikuwa refu kama kokwa ya tende, maana mtutu wake ulikuwa wa mifereji ya polepole, na risasi ile ndefu ilikuwa imeingia kwa ubavu. Baba akamwambia, "Bwana, risasi yako imefika, lakini imefika imelala." Muuza nyama alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Basi nipe hiyo mviringo yako, Mzee Mviringo," na tangu hapo jina likamganda. Lakini baba hakuwa na mzaha katika hilo, alisema mnyama aliyepigwa na risasi isiyomfaa hufa mara mbili, mara ya kwanza mbele yako, mara ya pili porini peke yake, na anayemuuzia mwindaji risasi mbovu ana sehemu yake katika kufa huko kwa pili.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu tarehe 6 Oktoba 1979, mama akiwa mpishi wa shule, na wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa ambaye ni dereva wa lori, dada yetu ambaye ni mshonaji, na mimi. Nyumba yao ilikuwa na amani, isipokuwa kwa jambo moja, na jambo hilo ni dirisha la jikoni. Wenye kazi hii wanajua kwamba upepo ukilipiga kalibu, risasi hupoa kabla haijajaa, hutoka na mikunjo kama uso wa aliyeamshwa usingizini, na baba hakuweza kuvumilia mkunjo. Kila risasi aliivingirisha juu ya kioo, iliyoyumba aliirudisha chunguni, iliyokunjamana pia aliirudisha chunguni, na ili zitoke laini alifunga dirisha, akaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Mama akiingia alilifungua kwa mpini wa ufagio, baba akalifunga, mama akalifungua, na sisi watoto tulikua tukilisikia dirisha hilo kama watu wengine wanavyosikia saa ya ukutani. Mama alisema, "Mume wangu, moshi huu unatuingia," naye akajibu, "Mke wangu, wewe ni upepo, na upepo unaniharibia kazi." Walicheka wote wawili, na dirisha likafungwa, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri, na kwa sababu risasi za Mzee Mviringo zilisifiwa popote kwa ulaini wake.

Mama yetu alitangulia mbele ya haki tarehe 22 Agosti 2014, kwa ugonjwa wa moyo, na baada yake hapakuwa na mtu wa kulifungua dirisha. Kama moshi ule ulikuwa na mkono katika kifo chake hatukujua wakati huo, na leo pia hatusemi, kwa kuwa hakuna aliyempima.

Mwaka 2021 nilirudi kuishi na baba, na mwaka uliofuata nikajifungua hapahapa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, tumbo likimuuma na kuacha, akawa hawezi tena kuona mkunjo mdogo wala kuusikia kwa kidole, kwa hiyo aliniita nimwangalizie, na mtoto akiwa mgongoni nilizivingirisha risasi juu ya kioo, nikaitazama mitutu ya wateja, nikajifunza kuwauliza mnyama gani na umbali gani, na wapo kati yenu ambao risasi mlizotumia miaka hii miwili nilizichagua mimi, baba akiwa ameketi pembeni akiitikia kwa kichwa. Nasema haya kwa sababu ndiyo yaliyozaa swali lenu, la nani atawachagulia risasi sasa.

Mwezi Novemba 2023 hali yake ilibadilika, miguu ikavimba, akalazwa, na daktari baada ya kumpima damu alimuuliza kazi yake, kisha akamuuliza anaifanyia wapi, na mwisho akamuuliza kama mahali hapo pana dirisha. Baba alitazama ukuta wa wodi, halafu akasema, "Lipo. Mke wangu alikuwa analifungua." Tuliambiwa kwamba mvuke na vumbi la madini ya risasi vimekaa katika damu yake kwa miaka mingi na vimeharibu figo, na kwamba yeyote aliyeishi nyumba ile apimwe. Tulipimwa. Mimi nilikutwa na risasi hiyo katika damu, na mtoto wangu, ambaye hajawahi kushika risasi maishani mwake, alikutwa nayo kidogo, na daktari akasema itashuka ikiwa chungu kile kitaondoka ndani ya nyumba, na isipoondoka haitashuka.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika, na silifichi, kwa kuwa majirani mlisikia. Kaka yetu, akiwa na uchungu wa jina la baba, alisema kazi ya mzee haiwezi kufa mzee akiwa hai, tukae na chungu, tufungue dirisha, mimi niendelee kwa kuwa ndiye niliyejifunza. Nilimwambia, kaka, dirisha hilo lingefunguliwa leo na kufungwa kesho, maana mteja hatataka risasi yenye mikunjo, nami nitalifunga kama baba alivyolifunga, nikijiambia ni mara moja tu. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi, nilikuwa sijalala vizuri kwa muda mrefu, mgonjwa huku, mtoto kule, na kaka naye alikuwa ametoka safari. Tukaachana hivyo, bila kupatana, kila mmoja akimsubiri baba aseme.

Mwezi Mei mwaka huu baba, akiwa amerudishwa nyumbani, aliomba kalibu lake liletwe kitandani. Kaka aliketi upande mmoja, mimi upande wa pili nikiwa nimempakata mtoto, na nakiri nililibana gauni langu kwa mikono miwili ili nisionekane nanyoosha mkono kuipokea kazi. Baba hakunitazama mimi wala kaka, alimwita jirani yetu fundi wa baiskeli, ambaye karakana yake ni paa na nguzo nne bila ukuta hata mmoja, akamwekea kalibu mapajani. Fundi alisema, "Mzee, kwangu upepo unaingia na kutoka kama wageni nyumba ya bibi harusi, zitatoka zimekunjamana." Baba akamwambia aende akayeyushe kipande kwenye kopo, amimine moja aje nayo. Alikwenda, akarudi nayo ikiwa bado na joto, na kwa kweli ilikuwa imekunjamana, risasi ambayo siku nyingine zote ingerudishwa chunguni bila maneno. Baba aliivingirisha juu ya sahani, ikayumba kidogo, akaiacha isimame yenyewe, akaitazama sana, akasema, "Ina mikunjo kama mimi. Lakini kwa hatua hamsini, itafika." Kisha akamwambia kaka abebe chungu akipeleke kwa fundi, na kaka akakibeba, na alipofika mlangoni nilimwona akifuta macho kwa bega, maana mikono ilikuwa na mzigo.

Baba yetu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa mbili asubuhi, hospitalini, kwa kushindwa kwa figo, akiwa na umri wa miaka 73. Ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Sasa nawajibu wateja. Risasi zitayeyushwa kwa fundi wa baiskeli, kwenye upepo, na hazitakuwa laini kama mlivyozoea, kwa hiyo msogelee mnyama zaidi, na asiyeweza kusogea arudi nyumbani. Fundi ataanza kulipasha kalibu joto zaidi kabla ya kumimina, huenda mikunjo ikapungua, tutaona. Anayetaka kuchaguliwa aje Jumamosi na bunduki yake, nitasimama upande unaotoka upepo, nitautazama mtutu, nitawauliza maswali yaleyale, na chungu sitakigusa, wala kanga nitakayoivaa huko haitaingia ndani kwa mtoto kabla ya kufuliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule daktari aliyeuliza habari za dirisha, inawashukuru majirani waliotupikia tangu msiba ulipotokea, wenzake kaka waliotupa lori, walimu na wapishi wa shule aliyofanyia kazi mama, fundi wa baiskeli, muuza nyama, na ninyi wawindaji mliokuja leo mkiwa mmeacha bunduki zenu nyumbani.

Baba, jikoni kumepigwa deki, na dirisha liko wazi, upepo unaingia. Mwambie mama. Pumzika kwa amani.