Ingvill Hauge na Mbio Zake za Mwisho

Huyu tunayemzika leo, Ingvill Hauge, alizaliwa hapa hapa Voss tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mama Magnhild. Julai 1993, wakati wa kukata nyasi za ng'ombe, mashine ilimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Alikuwa na miaka tisa, jamani.

Shuleni, mwalimu wa michezo kwa kumhurumia alimpa saa awapimie wenzake muda. Ingvill akamrudishia. "Shika wewe, mwalimu. Mimi nipishe nikimbie."

Mwaka 2006 alianza kufundisha michezo katika sekondari moja ya Bergen. Jioni alikimbia mita mia mbili kwa mguu wa bandia aliotengenezewa na kaka yake Torgeir, ambaye ndiye fundi wa kazi hiyo. Mwaka 2012 alipata medali ya shaba ya Ulaya. Michezo ya dunia hakuwahi kufika, na hilo lilimuuma sana.

Tarehe 19 Juni 2010 aliolewa na Jostein, mwoka mikate. Wakicheza dansi, bwana harusi akamkanyaga, akaanza kuomba radhi. "Umekanyaga ule usiouma, wewe cheza tu!" Walijaliwa binti mmoja, Eldrid.

Jumatano, tarehe 14 Mei mwaka huu wa 2025, Torgeir aliona kidonda kwenye kigutu, kidogo kama ukucha. Wakimbiaji wote wa mguu wa bandia wanajua: ngozi ikichanika, mguu unavuliwa mpaka ipone.

"Vua, Ingvill. Wiki tatu."

"Wiki tatu? Mchujo wa michezo ya dunia ni Jumamosi ya wiki ijayo! Nina miaka arobaini na mmoja, kaka. Nitakimbia lini tena, mbinguni?"

"Daktari wa timu akijua, hukimbii."

"Basi asijue. Wala Jostein. Nakuomba, kaka yangu. Mara hii tu."

Torgeir akaupanua mguu ule wa bandia usimsugue, na kwenye fomu ya daktari, sehemu ya fundi, akaandika kwamba ngozi ni nzima. Tarehe 24 Mei, Oslo, Ingvill alikuwa wa nne. Walichukuliwa watatu. Jumatatu homa ikapanda. Sumu ilikwisha kuingia kwenye damu. Alifariki hospitalini Bergen Jumapili, tarehe 1 Juni, saa nne asubuhi.

Tangu siku hiyo Mama Magnhild hajammiminia Jostein kahawa. Anasema, mume gani halioni jeraha la mkewe? Mama, Jostein alifichwa. Aliyeliona ni Torgeir, na ndiye anayesoma maneno haya mbele yako, huku hajui atarudi vipi nyumbani kwako leo.

Marehemu ameacha mume asiye na kosa, binti wa miaka kumi na miwili, mama, na kaka aliyejua. Ingvill, pumzika kwa amani. Sisi huku hatuna amani.