Wimbo Ambao Jaji Hakuupenda

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga. Alisoma kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, mwepesi wa hesabu, mzito wa kuamka.

Mwaka 1970 aliajiriwa na shirika la umeme, akapanda nguzo hadi alipostaafu mwaka 2006. Wenzake walimwita Jaji, kwa sababu nyimbo zote za Mzee wa Gitaa, mwanamuziki aliyempenda kupita kiasi, alizipanga kwa namba, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Wa kwanza daima ulikuwa "Kiatu cha Kuazima". Wa mwisho kabisa ulikuwa "Dirisha Lina Taa", wimbo ambao kila mtu aliupenda. Ukimuuliza kwa nini, alijibu kwamba gitaa limezidi chumvi, na mjadala ukafungwa.

Alifunga ndoa na karani wa posta tarehe 16 Juni 1979. Siku hiyo alivaa viatu vya kaka yake, vikubwa kwa namba mbili, na kimoja kikamvuka mbele ya wageni. Bibi harusi akainama akamvalisha, huku akicheka hadi machozi. Sasa mnajua namba moja ilitoka wapi.

Mwaka 1981 alipelekwa mbali kuvuta laini mpya. Mkewe, ambaye kutwa nzima alishika barua za watu na hakutaka kuandika za kwake, akamrekodia kanda. Jaji aliisikiliza mara moja tu, akaiacha ndani ya redio kaseti. Jioni ile ukatangazwa wimbo mpya wa Mzee wa Gitaa. Kwa pupa ya kuunasa, akabonyeza kitufe bila kubadilisha kanda, na "Dirisha Lina Taa" ukafuta maneno ya mkewe karibu yote. Alicheka, akasema atamwomba mama mtoto atume nyingine. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 3 Novemba, mkewe alifariki kwa homa ya ghafla. Binti yao alikuwa na miezi kumi.

Hakuoa tena. Mashangazi walimtafutia wachumba hadi wakanyoosha mikono. Binti alikua akimwona baba yake anajifungia chumbani kila Jumapili mchana, anasikiliza wimbo uleule anaousema vibaya kwa watu. Alimwona kigeugeu, tena, tuseme ukweli, alimwonea wivu huyo Mzee wa Gitaa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Agosti, mikono ilipokosa nguvu, alimwomba binti yake amwekee ile kanda. Wimbo ulipoisha, binti akataka kuzima.

"Acha," baba akasema. "Huo nauvumilia tu. Mama yako yuko mwishoni."

Ikasikika sauti ya kike, imechoka kidogo: "...na jino la pili limetoka, ananing'ata huyu, we acha tu. Ngoja, anaamka. Mengine nitakueleza baadaye."

Sekunde kumi na tisa. Binti alikuwa na miaka arobaini na miwili, na tangu uchanga hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake. Alilia, na alikasirika pia. Alimuuliza kwa nini alimficha miaka yote hiyo. Baba akajibu kwamba aliogopa atauliza mengine yako wapi.

Jaji alifariki nyumbani tarehe 5 Oktoba 2023, saa nne asubuhi. Ameacha binti, mkwe, wajukuu watatu na dada mmoja.

Aliagiza azikwe na kanda ile. Binti yake amelala nayo siku mbili, na leo anamwomba radhi mbele yenu: kanda inabaki nyumbani. Baba, anasema, anakwenda kumsikia mama mwenyewe. Yeye ana sekunde kumi na tisa tu.

Apumzike kwa amani, mikono mitupu.