Vidude na Vihisi Vyake Mia Nne

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Vidude hata mbele ya wakwe zake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tano wa baba mwashi na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1976, kisha sekondari ya ufundi, ambako aliifungua redio ya mwalimu mkuu ili aitengeneze, ikapona baada ya mihula miwili.

Alihitimu uhandisi wa mawasiliano mwaka 1994, na tarehe 1 Juni 1995 akaajiriwa na kampuni ya maghala ya nafaka, ambako kwa miaka kumi na miwili alibuni vihisi visivyo na waya, vidude vya kupima joto na unyevu, ambavyo ukivitawanya ghalani vinatafutana vyenyewe, vinapeana njia, na kimoja kikizimika, vilivyo jirani vinaipokea kazi yake bila kuamrishwa na mtu.

Tarehe 14 Agosti 2007, mbele ya wakurugenzi, vihisi mia nne vilijichagulia kiongozi wa kuvisemea, kwa bahati mbaya kile alichokisahau mfukoni, hivyo alipokwenda kunawa uso msalani, skrini ikatangaza kwamba ghala zima limelowa, naye akapewa wiki moja afungashe vyake. Siku ya sita vikaashiria joto katika rundo la saba, chakula cha shule thelathini, watu wakacheka, lakini mtunza ghala, mwanamke asiyecheka ovyo, akazamisha mkono hadi begani, akasema, "Mahindi yanachemka humu ndani. Huyu mtu haondoki."

Hakuondoka, na tarehe 20 Desemba 2008 yeye na mtunza ghala huyo wakafunga ndoa, wakajaliwa mapacha wa kike tarehe 2 Februari 2010, ambao aliwafungia vihisi vitandani, vikaungana na vile alivyomwekea jirani bandani, akatoka kazini mbio kwa homa ya nyuzi arobaini na moja, kumbe ni ya kuku anayeatamia.

Januari 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, akamshauri daktari namna ya kupanga upya mitambo ya wodi, daktari akamwomba kwa heshima alale. Alifariki tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, baada ya kumuuliza kama amekula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake, ambao wameliulizia daftari lake la michoro, na shemeji amesema daftari halitoki nyumbani, anayetaka kulisoma aje, akae, na asiwe na haraka ya kuondoka.

Lala, kaka, upumzike kwa amani.