Kizibo Juu ya Mabati ya Maternité

Benchi la Mama Asha limeegemea ukuta wa maternité, nyumba ndogo ya wazazi ya Mangobo, na mgeni wa Kisangani akikaa hapo nusu saa ataondoka anajua mambo yote ya mji, mengi ya hayo yakiwa uongo mtupu. Mama Asha huuza kahawa ya tangawizi, chungu kama dawa, na wateja wake hulipia kahawa wakapewa ubishi bure. Wa kudumu hapo ni watatu. Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, ambaye jina lake ni Benoît, hajawahi kuongoza stesheni yoyote. Baba yake ndiye aliyekuwa akitia kuni kwenye gari-moshi la Ubundu, na mtoto akarithi kofia. Docteur ni Issa, anayetembeza vidonge kwenye sinia. Wa tatu ni Jafari, wa toleka, na baiskeli yake ya abiria asubuhi ile ilikuwa imelala ukutani bila kubeba mtu. Mkewe Sara alikuwa ndani tangu jana, uchungu umemshika tangu alfajiri, na kitanda chake kilikuwa nyuma ya ukuta uleule wa benchi, kikipakana na chumba cha jiko.

Jiko hilo lilikuwa fahari ya mtaa. Fundi mmoja wa Banalia alilichomelea kwa chuma kinene, mbele panaingia kuni, mgongoni pamekaa tanki la maji lenye robineti ya kuchotea. Bomba moja linaingiza maji kutoka kwenye pipa, lingine linapanda hadi juu ya mabati na kubaki mdomo wazi. Moto ukikolea, mdomo ule hupumua mvuke na kutema matone. Usiku uliopita matone yalipita kwenye tundu la msumari yakamwangukia Sara kitandani. Jafari, mume mwenye huruma, alipanda juu asubuhi na mapema, akapigilia kizibo cha mti kwenye mdomo wa bomba, akakikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kama tunavyofunga kila bomba linalovuja katika mji huu. Alishuka akapigiwa makofi. Hata Sandrine, mkunga mwenyewe, alimwita mwanaume.

Sasa moto ulikuwa umewaka, na ukuta ulikuwa ukigonga.

Du.

— Mumesikia? aliuliza Jafari.

— Nimesikia, alisema Chef de Gare. Iko kawaida. Chuma inaamka.

— Jana haikugonga.

— Jana ilikuwa inavuja, bwana! Nguvu yote ilikuwa inapotea juu. Papa yangu alisema, locomotive yenye kuvuja mvuke haifiki Ubundu. Weye umefunga, nguvu imebaki ndani. Bon, sasa inafanya kazi.

— Na wahenga walisema, aliongeza Docteur, usipoziba ufa utajenga ukuta. Papa Jafari ameziba.

Jafari alitabasamu, akanywa. Methali ile ilimkaa vizuri kifuani. Lakini nyuma ya mgongo wake ukuta ulisema du, du, na kahawa kwenye kikombe ikachora duara. Halafu akamsikia Sara akiugua, sauti ndefu ya chini, na tabasamu likafifia.

— Mi naona inazidi, alisema.

— Donc moto ni kidogo, alisema Chef de Gare. Gari-moshi ikipanda mulima na moto kidogo, inatetemeka hivi hivi. Waambie waongeze kuni.

Jafari alisimama juu ya benchi, akachungulia juu ya ukuta wa ua, ulio mfupi pembeni mwa nyumba. Mpishi wa maternité alikuwa uani akichambua majani ya pondu.

— Mama! Ongeza kuni! Bibi yangu atahitaji maji ya moto!

— Ndiyo, papa, alijibu mpishi, akainuka.

Wakasikia mlango wa chuma ukifunguliwa, kuni zikitupwa, mlango ukafungwa. Jafari akarudi kukaa, amefanya tena jambo jema kwa mkewe. Ukuta ukatulia kidogo, na Chef de Gare akavua kofia kupokea heshima ambayo hakuna aliyempa.

Du-du-du. DU.

Glasi za Mama Asha ziligongana mezani.

— Hapana, Benoît, alisema Mama Asha. Hiyo haiko kuamka. Hiyo iko kugombana.

— Na nani?

— Na sisi. Maji ya Mto Tshopo ina wenyewe. Toka zamani tunayaogea, tunayanywa, tunayavulia samaki. Nani alisikia maji ya Tshopo inafungiwa ndani ya chuma, inachomwa mgongo, na mulango hakuna? Wenyewe bamekasirika.

— Mama Asha, acha fetishi, alisema Docteur. Jambo iko wazi. Debe tupu haliachi kuvuma. Ukisikia tanki inavuma, ni tupu!

— Itakuwaje tupu? aliuliza Jafari. Pipa ilijaa asubuhi.

— Basi ni homa. Mi ni mutu wa dawa, naijua homa ikiingia mwilini. Mutu anatetemeka, meno inagongana. Tunafanya nini? Kitambaa cha baridi. Nipeni ndoo mbili za maji ya kisima, nimwagie ile tanki mgongoni. Itatulia mara moja.

— Chuma ya moto na maji ya baridi? alisema Chef de Gare, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake haikuwa na uhakika. Papa yangu... ngoja. Papa yangu alisema kitu juu ya hiyo.

— Alisema nini?

— Niache nikumbuke.

Hakukumbuka. Docteur alikwisha kuweka sinia chini na kukunja suruali, tayari kwenda kuganga chuma. Jafari alitaka kumzuia na alitaka kumhimiza. Hofu ilikuwa imempanda kweli sasa, na aliona haya kuionyesha mbele ya watu waliompigia makofi. Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto. Upande wa pili, karibu na kiganja chake, Sara alilia, akaita jina la mama yake.

Wakati huo mama mmoja mtu mzima alitoka kwenye geti la maternité na beseni kichwani. Walimjua kwa sura: Mama Odile, aliyefika na boti kutoka Isangi kumuuguza binti yake. Hakuwahi kukaa kwenye benchi.

— Mbote na ninyi, alisema. Nimetumwa maji ya moto, naona robineti imefungwa na bado inatema hewa, inapiga kelele, naogopa kuigusa. Nyinyi bapapa munakaa hapa kila siku. Niulize kitu?

— Uliza, mama, alisema Chef de Gare, akivaa kofia. Hapa maswali yote inapata jibu.

— Kwenye bomba ya pipa, fundi alitia kitu cha kuzuia maji isirudi, si ndiyo?

— Clapet, alisema Docteur. Ju ya coupure. Maji ya mji ikikatika, tanki isikauke. Inaingia, hairudi.

— Aya. Inaingia, hairudi. Na jana niliona juu ya mabati moshi mweupe. Leo siuoni.

— Papa Jafari ameufunga, alisema Docteur kwa fahari.

Mama Odile aliteremsha beseni taratibu.

— Basi ile yenye kuchemka ndani, itatokea wapi?

Chef de Gare aliinua macho kwenye mabati, na Jafari naye. Ukuta ukagonga mara moja, zito, na vumbi likadondoka kwenye kahawa.

— Soupape, alinong'ona Chef de Gare, uso umebadilika rangi. Papa yangu alisema locomotive iko na soupape, mulango ya mvuke, inajifungua yenyewe mvuke ikizidi. Siku moja waliifunga kwa waya ju ya kelele. Alisema... Ya Mungu. Toeni wamama! Toeni wamama!

Jafari alikuwa amekwisha kushika ukuta apande juu ya mabati. Chef de Gare alimvuta mguu.

— Ukifungua sasa itakuchuna uso! Mutu asiguse tanki, asitie maji, asitie kuni! Bibi yako, Jafari! Beba bibi yako!

Wakaingia wote, hata Mama Asha, aliyeiacha kahawa yake motoni. Mpishi alitolewa mbio uani, mwiko wake mkononi. Sandrine alianza kufoka kuona wanaume ndani ya chumba cha wazazi, ukuta ukamjibu kwa niaba yao, naye akabeba kichanga cha mzazi mmoja na godoro lake. Binti wa Mama Odile alitoka akitembea mwenyewe. Jafari alimbeba Sara mikononi, mzito, mgongo umelowa jasho, akipumua kwa kukatakata, na njia ya kutoka kitandani hadi getini ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Banalia.

Alikuwa anamlaza kwenye benchi la Mama Asha, ambalo Docteur alikuwa amelikokota hadi upande wa pili wa barabara, mlipuko uliposikika.

Haukuwa mlipuko wa chuma. Ulikuwa filimbi moja kali, kisha maji meupe yakaruka juu ya mabati kupita minazi, na kitu kidogo kikapaa angani, kikaangukia vikombe vya Mama Asha. Mpira wa baiskeli ulikuwa umeshindwa kabla ya chuma. Mvua ya moto ilipiga mabati, ikafuka, ikatulia kidogokidogo. Ukuta uliacha kugonga.

Watu walikaa chini walipokuwa. Jafari alilia, bila kujificha.

Sandrine alivuka barabara, akaokota kile kitu kwa ncha ya kanga, akakileta. Kizibo cha mti, na kipande cha mpira bado kimekizunguka.

— Makofi nilipiga na mi, alisema. Sikuuliza. Lakini nani kati yenu alijua ile mudomo iko ya kazi gani?

Chef de Gare aliangalia kofia yake.

Sara aliinua kichwa. Aliutazama ule mpira, na kiraka cha njano kilichobandikwa juu yake. Kiraka hicho alikikata mwenyewe kwa mkasi wake, kutoka kwenye buti la mvua la binti yao Nyota, siku mpira wa toleka ulipotoboka njiani.

— Lete, alisema.

Sandrine akampa na kanga yake. Uchungu ulikuwa unarudi. Sara alikitoa kizibo kwenye kanga, akakitia katika kiganja cha mumewe, akakifunga kile kiganja kwa mkono wake, na akakaza kwa nguvu zote za mwanamke anayezaa.

Kizibo kilikuwa kingali cha moto. Jafari hakufungua mkono.