Jinsi Chura Ilivyopata Bima

Ndugu zangu, nawasalimu wote, waliopata viti na waliokaa juu ya magunia. Mama mwenyekiti aliniomba niseme machache, nikamwambia nitaandika kwanza, kwa sababu nikisimama bila karatasi huwa naanzia mwisho. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo mkisikia sentensi imepinda mnivumilie.

Tena sina hakika kama hii ni ushuhuda. Juma lililopita dada yetu mmoja alisimulia alivyotoka hospitali wakati watu walikuwa wameshaanza kuchangia matanga. Mimi nakuja na habari ya bima ya gari. Nilimwuliza mke wangu kama si aibu. Akasema, "Si ulilia? Kama ulilia, ni ushuhuda."

Basi. Wengi mnaijua Chura. Kwa wageni, Chura ni gari ndogo ya michezo, viti viwili tu, rangi ya kijani, paa la turubai la kukunja, na taa za mbele zimetokeza kama macho. Ni watoto wa hapa Kitale walioipa hilo jina. Baba yangu alikuwa fundi kwa mzungu mmoja mkulima, na yule mzungu alipohama alimwachia hiyo gari na logbuku yake ya umiliki. Ilikaa kwenye stoo ya mahindi miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba alipofariki nilianza kuitengeneza kidogo kidogo. Ilipowaka mara ya kwanza nilizunguka nayo shambani mpaka petroli ikaisha, na sikujali kuisukuma nyumbani.

Watu wakaanza kuiomba kwa harusi. Mnajua huku kwetu bibi harusi akifika kwa gari ambayo hakuna mtu mwingine anayo, watu wataongea mpaka Krismasi. Nilikuwa nalipwa, siwezi kuficha.

Sasa ikabaki bima, maana safari za mwanzo nilikuwa nazifanya bila hiyo. Pikapu yangu ya shamba ilikuwa na bima safi. Kwa Chura nilienda ofisi ya kwanza hapa mjini, kijana akaniuliza, "Hii gari imekuwa ikifanya kazi gani?" Na mimi, ndugu zangu, kifua kikafura. Nikamwambia, "Hii unayoiona ilikuwa inashindana. Mzungu alikuwa akiikimbiza mpaka inapaa kwenye matuta." Kijana akaandika. Aliponiambia bei, nilidhani ananiuzia gari nyingine. Ofisi ya pili nikasema maneno yale yale, na bei ikawa juu zaidi. Ya tatu walisema hawachukui gari nzee, hata iwe ya nani. Nilitoka nikiwalaani. Lakini leo nawatendea haki: hawakukosea. Waliandika kile nilichosema, na nilisema kwa majivuno. Mzungu mwenyewe aliikimbiza labda mara mbili, na moja aliingia mtaroni.

Hapo ndipo nilianguka. Jumamosi moja nilikuwa nimeahidi kumpeleka bibi harusi kanisani, ng'ambo ya Moi's Bridge. Asubuhi nilichukua maji ya moto na kisu, nikabandua stika ya bima kwenye kioo cha pikapu, nikaibandika kwa Chura. Nilijiambia ni siku moja tu, na pikapu imelala nyumbani, kwa hivyo hakuna anayeibiwa.

Karibu na Moi's Bridge polisi wakatusimamisha. Afande mmoja akainama, maana Chura ni fupi, akasoma stika, akaenda mbele akasoma namba ya gari, akarudi.

"Mzee, hii stika ni ya pikapu."

"Ndiyo, afande."

"Na hii ni pikapu?"

Bibi harusi akasema, "Afande, kanisani wananingojea."

"Madam, na wewe sina shida. Shida yangu iko na huyu dereva wako."

Nilitia mkono mfukoni. Akauona. Akaniambia polepole, bila kunitukana, "Mzee, usijiongezee kesi." Nikautoa mkono mtupu.

Bibi harusi alimalizia safari kwenye gari ya mjomba wake iliyokuwa imebeba masufuria na kreti za soda. Alifika na gauni lina masizi. Mimi nilifika kortini Jumatatu, nikakubali kosa, nikalipa faini. Halafu nikaenda kwa wazazi wa yule binti kurudisha walichonilipa na kuomba msamaha. Mama yake alinipa chai, akasema, "Baba, wewe si mtu mbaya. Lakini masizi yako kwenye picha zote." Nililia nikiwa njiani kurudi. Hicho ndicho kilio anachosema mke wangu.

Chura ikarudi stoo. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka akiigonga gonga, akasema ataikata vipande. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba watoto, nakupa mpaka tuvune. Mahindi yakiingia hapa stoo na hiyo gari haina bima yake yenyewe, huyo mtu aje na gesi yake ya kukatia." Nikaona ni haki. Stoo ni ya mahindi, na aibu ilikuwa imemfikia yeye pia sokoni. Lakini usiku na mchana nilikuwa naona mikono ya baba kwenye ile injini.

Nilijaribu ofisi nyingine mbili, bure. Mahindi yakaanza kukauka. Ndipo ndugu mmoja aliyekaa humu ndani leo, na amenikataza kumtaja, akaniambia kuna mama ajenti huko Bungoma, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, anayejua kuuliza maswali.

Nikaenda. Akaniuliza lile swali: "Gari ina kazi gani?" Kifua kikaanza tena. Nikasema, "Mama, hii gari ili..." nikajikatiza. Nikasema, "Inapeleka maharusi. Ikimaliza inalala."

"Unalipwa?"

"Nalipwa."

"Kwa mwaka inatoka mara ngapi?"

Sikujua kwa kichwa. Lakini mnajua nina ugonjwa wa kuandika kila kitu kwenye daftari, mvua, ng'ombe, wageni. Nilikuwa nalo kwenye begi. Nikampa. Akasoma kwa sauti: "'Jumamosi. Chura. Harusi ya Bumula, kwenda na kurudi. Mvua. Paa limevuja upande wa bibi harusi, nimempa koti.' Ati koti? Juu ya gauni?"

"Alikuwa anatetemeka, mama."

Alicheka mpaka mwenye duka akauliza kutoka chini kuna nini. Akaendelea kufunua, akihesabu safari kwa kalamu. Nami nilikuwa najua ukurasa gani unakuja. Alipoufikia akaweka kalamu chini. Nilikuwa nimeandika yote, maji ya moto, kisu, mkono mfukoni. Akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Hapa juu pamechanika."

"Ndiyo, mama. Nilianza kuung'oa nikiwa njiani kuja."

"Mbona ukaacha?"

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia ilikuwa imani. Nilimwambia kweli: "Niliona nikiung'oa huu, ule ulioshonwa nao huko nyuma utaanguka pia, na huo una safari mbili nzuri."

Halafu akavuta fomu. "Mzee, hao wengine walikuwa wanakatia bima gari ya mashindano. Mimi naona gari inayotembea Jumamosi, mwendo wa mtu aliyebeba mayai, na dereva anayejishtaki mwenyewe. Wacha niandike hivyo Nairobi. Siahidi kitu bana, lakini niandike." Akaomba kubaki na daftari. Nilimwachia, na juma lote sikujua nifanye nini na mikono yangu jioni.

Wakubwa wa Nairobi wakamtuma mthamini. Alipima, alipiga picha, tukakubaliana thamani ya gari na ikaandikwa. Halafu tukangoja. Tulikuwa tumeshaanza kukata mahindi barua ilipofika. Dereva ni mimi peke yangu. Kazi ni harusi, na inaruhusiwa kwenda kwa fundi. Ilale kwenye stoo yenye kufuli. Isipite kilomita zilizoandikwa kwa mwaka. Na bei, ndugu zangu, ilikuwa chini ya ile ya pikapu.

Mke wangu aliisoma akiwa na panga mkononi. Akaisoma tena. Akaweka panga chini, akaingia stoo, akafungua mlango wa Chura na kuketi kwenye kile kiti cha pili, ambacho hakuwa amewahi kukikalia tangu tuoane. Akajifunga kitambaa kichwani vizuri. "Haya, washa twende."

"Siwezi. Bima inaanza Jumatatu."

"Hata mpaka getini?"

"Hata getini."

Alicheka mpaka akashika tumbo, lakini hakutoka. Tulikaa humo, gari imezimwa, akinionyesha njia ya kwenda kwao Bumula kona kwa kona, akisalimia watu ambao hawakuwepo. Mahindi tuliyajengea kibanda kingine.

Namshukuru yule afande aliyekataa mkono wangu. Namshukuru mama ajenti, na wewe ndugu uliyejificha nyuma hapo. Nawashukuru wazazi wa yule binti kwa chai. Mke wangu nitamshukuru nyumbani, hapa atanicheka.

Kama nina la kuwafundisha, na sijui kama ninalo, ni hili: ukienda kuomba kitu, eleza kitu chako kilivyo, hata kama kilivyo ni kidogo. Mimi nilizunguka nikiuza sifa, na sifa ndizo zilikuwa na bei.

Na naona vijana wawili wametoka nje kuchungulia. Rudini mkae. Chura haiko. Kuja kwenye mkutano si harusi wala si kwa fundi, kwa hivyo leo nimekuja na baiskeli.